Bei kwa Mangi haijapanda, kipimo ndicho kimepungua: tuelezane kwa nini

#1 Kikombe cha Mia Tano

Habari wakuu.

Tukizungumzia hali ya uchumi, wengi wanakimbilia bei ya kilo na bei ya lita. Mtaani wanaonunua kilo ni wachache. Simama kwenye dirisha la duka la Mangi, yaani muuza duka la rejareja wa mtaani, iwe Buza, Tandika au Manzese, kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa mbili usiku, usikilize watu wanavyoagiza: mafuta ya mia tano, sukari ya mia tano, majani ya mia, nyanya za mia tano, mkaa wa elfu. Kinachotajwa ni hela. Kipimo kimeachiwa mkono wa muuzaji.

Chukua mafuta ya kupima. Ndoo ya lita 20 ikinunuliwa kwa 90,000, lita inamsimamia Mangi 4,500. Akitoa mililita 100 kwa 500, lita anaiuza 5,000 na ndoo nzima inamwachia 10,000. Ndoo ikifika 110,000, lita inamsimamia 5,500. Hawezi kumwambia mteja kwamba mafuta ya mia tano leo ni mia sita, maana mteja kashika sarafu moja ya 500. Anachobadilisha ni kikombe: kinaondoka cha mililita 100, kinakuja cha 80. Mteja anaondoka na mfuko uleule wa nailoni umefungwa fundo lilelile, na kwa macho ni vigumu sana kuitambua tofauti ya mililita 20.

Dai langu ni hili: bei za vitu vidogo zimegandia kwenye sarafu, kipimo ndicho kinabeba mzigo wote. Na sababu kubwa ni kwamba kipato cha mtaa kimekuwa cha kutwa. Bodaboda anapeleka hesabu kwa tajiri jioni, saidia fundi analipwa akishuka jengoni, mama ntilie anajua alichopata sufuria zikiisha. Anayepata kwa siku ananunua kwa siku.

Karibuni tuchambue.

#2 Sarafu ya Hamsini

Shukrani kwa uzi, ila sababu uliyoitoa sikubaliani nayo. Kulipwa kwa kutwa si jambo jipya. Vibarua wa bandari ya Dar es Salaam walilipwa kwa kutwa tangu enzi za mkoloni, na bado watu walinunua kwa kibaba na pishi, kipimo kinachojulikana.

Kilichobadilika ni chenji. Sarafu za 5, 10 na 20 huzioni tena kwenye mzunguko, na ya 50 maduka mengi wanaipokea kwa shingo upande. Zilizobaki kufanya kazi ni 100, 200 na 500, na hiyo ya 500 ilianza kutoka Oktoba 2014 ikichukua nafasi ya noti. Sasa fanya hesabu ya sukari ya 3,000 kwa kilo. Robo ni 750, hapo ya 50 bado inahitajika. Nusu robo ni 375. Hakuna sarafu ya 25 wala ya 75 mkononi mwa mtu, kwa hiyo nusu robo inauzwa 400. Nusu robo nane ni kilo moja, na kilo hiyo mteja kailipa 3,200. Hapo hajaibiwa na mtu, zile 200 zimeliwa na chenji.

Kadiri sarafu ndogo zinavyopotea, ndivyo kipimo kinavyolazimika kufuata sarafu iliyobaki.

#3 Jiwe la Kilo

Niongeze upande wa vipimo vyenyewe, maana hapa watu wanachanganya mambo mawili: kipimo kilichopunguzwa na kipimo kibovu.

Mizani ya mezani yenye mawe haikosei hovyo. Ikikosea ni jiwe limeliwa na kutu, sahani imebadilishwa, au chini ya sahani pamegandishwa kitu. Mizani ya saa ndiyo yenye matatizo mengi, kwa sababu ndani kuna springi. Springi ikibebeshwa mzigo mzito kila siku inalegea, na mshale unaanza kusimama mbele ya sifuri kabla hujaweka chochote. Kabla ya kupimiwa angalia mambo mawili: mshale uko sifuri na sahani ikiwa juu yake? Stika ya Wakala wa Vipimo ni ya mwaka huu? Mizani ya biashara inatakiwa kuhakikiwa kila mwaka.

Kopo ni hadithi nyingine. Kuna njia tatu zinazotumika sana. Kitako kinagongwa kutoka nje kiingie ndani. Ndani panatandikwa karatasi ngumu au nta. Ya tatu haigusi kopo kabisa: ni namna ya kujaza. Unga ukimiminwa taratibu unakaa mwepesi, kopo la lita moja halifiki hata gramu 600. Kopo hilohilo likigongwa chini mara tatu nne linabeba karibu gramu 700. Muuzaji akinunua, anagonga. Akiuza, anamimina.

#4 Hesabu za Jioni

Mleta uzi, rudi kwenye hesabu yako mwenyewe. Kwa kikombe cha mililita 80, lita anaiuza 6,250, na ndoo nzima 125,000. Kanunua 110,000. Faida imetoka 10,000 imekuwa 15,000. Ndoo ilipanda 20,000, mteja kaongezewa 25,000. Kwa kurudisha faida yake ya mwanzo Mangi alihitaji kikombe cha mililita 83 hivi.

Kwa hiyo bei ya jumla ikipanda, kipimo kinapunguzwa zaidi ya ilivyopanda. Na bei ikishuka, kikombe kinarudi? Mafuta yalipanda vibaya mwaka 2022 baada ya vita vya Ukraine kuvuruga alizeti na Indonesia kuzuia mawese yake yasiuzwe nje ya nchi kuanzia mwishoni mwa Aprili. Zuio lile liliondolewa mwezi uliofuata. Vikombe vilivyonyolewa kipindi kile ndivyo vilivyozoeleka.

#5 Dirisha la Nondo

@Hesabu za Jioni umepiga hesabu ya mezani, ya dukani haiko hivyo. Ndoo ya lita 20 haitoi lita 20. Kuna yanayobaki ukutani na kitakoni, kuna yanayodondoka kila unapochota, kuna kikombe kinachojazwa kupita mstari kwa sababu mteja anakitazama. Kwa vikombe vya mililita 80 hesabu ya karatasini ni 250. Ukipata 240 umejitahidi. Hizo kumi zilizopotea ni 5,000, ndiyo ile ziada unayoiona.

Ukipima kwa vikombe vidogo zaidi, upotevu unaongezeka, maana unachota mara nyingi zaidi. Na kwenye baridi ni mbaya zaidi. Njombe, Makete, Mafinga, mwezi wa sita na wa saba mafuta ya mawese yanaganda kwenye ndoo. Ukichota uji ule, kikombe kinabeba hewa katikati, mteja analalamika, unamwongezea. Ukiyayeyusha juani au jikoni unatumia muda na moto. Alizeti haina usumbufu huo, ila mtaji wake ni mkubwa.

Halafu kuna ndoo zinazouzwa kama "ishirini" bila kusema ishirini nini. Lita 20 za mafuta zina uzito wa kilo 18.4 hivi. Ukinunua ya kilo 20 una karibu lita 22. Mwenye duka mpya asiyejua tofauti hii anapanga bei ya kikombe kwa hesabu isiyo yake na mtaji unaisha anautazama.

#6 Gorogoro

Salamu kutoka Nairobi. Huku jambo hili lina jina kabisa, tunaita biashara ya kadogo. Unga, sukari, majani chai, mafuta ya kupikia, vyote unapimiwa vya shilingi kumi, ishirini. Mahindi na maharagwe tunapima kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili.

Lakini gorogoro lina faida moja: likifutwa juu kwa kijiti, kila mtu sokoni anajua ni kiasi gani. Gunia la kilo 90 linatoa kati ya gorogoro 40 na 45, ikitegemea mahindi yamekauka vipi na mama anajaza namna gani. Mnunuzi anaweza kujumlisha kichwani. Nyinyi huko mmekubali kuuziwa kwa jina la sarafu, hapo ndipo mlipoteleza.

#7 Sado la Tandale

@Gorogoro karibu jirani, lakini usitufundishe makopo bwana. Sisi tuna sado, kopo la rangi la lita 4, na kila muuza nyanya na viazi analo. Sado la mchele la kufuta ni kilo 3.2 hivi. Debe la lita 20 la mahindi ukilifuta ni kilo 15, ukilijaza na kilima chake ni 17 mpaka 18. Ndiyo maana wazee wanasema gunia ni debe sita: sita za kilima zinafika mia.

Na hilo la gunia lenu la kilo 90 na letu la 100 limeleta ugomvi mwingi mpakani Namanga. Mtu ananukuliwa bei kwa gunia, anazidisha, anasahau kuuliza gunia la nani.

#8 Jiwe la Kilo

@Sado la Tandale umegusa penyewe. Kilima ndicho kinachobadilika kwanza. Kwenye sado la viazi au nyanya, kilima kinaweza kuwa robo ya mzigo wote. Msimu wa mavuno muuzaji anakijenga mwenyewe, anapanga nyanya moja moja mpaka ya juu inayumba. Msimu mbaya anafuta kwa kiganja. Kopo lilelile, bei ileile, mteja karudi nyumbani na robo pungufu. Kwa hiyo hata kopo linalojulikana halimlindi mtu.

Huko shambani ni kinyume, mkulima ndiye anayelazimishwa kujaza kupita kiasi. Gunia la viazi linashonewa kofia ya kamba juu, linaitwa lumbesa, linabeba debe saba au nane kwa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inakataza. Lakini mnunuzi akija Njombe na lori anasema asiyejaza lumbesa abaki na viazi vyake, na viazi havisubiri.

#9 Mama wa Chapati

Mbona mnazungumzia vibichi tu? Kipimo kinasomeka vizuri zaidi kwenye vilivyopikwa.

Kilo moja ya ngano, maji kama nusu lita na kidogo, sukari gramu 100, mafuta kidogo, unapata donge la karibu kilo 1.7. Ukikata vipande vya gramu 60 ni maandazi 28. Ukikata vya gramu 50 ni 34. Hayo sita yaliyoongezeka ndiyo yanalipa mafuta ya kukaangia. Hamira nayo ikizidishwa kidogo, andazi la gramu 50 linafura likaonekana kubwa kuliko la 60, ila ukilibonyeza limejaa upepo na linanyonya mafuta mengi. Wengine wanaongeza maji ili donge lizidi uzito, halafu wanashangaa kwa nini linanata na kupasuka kikaangoni.

Chapati haina ujanja huo. Kilo moja inatoa 12 au 13 za gramu 130. Ukishuka chini ya gramu 100 inakuwa karatasi, inakauka kabla ya saa nne, mteja wa supu anaikataa. Ndiyo maana chapati ilibidi ipande bei wazi wazi wakati andazi lilipungua ukubwa kimya kimya. Kwa hiyo si kila kitu kimegandia kwenye sarafu kama mleta uzi anavyosema. Kinachoweza kupungua bila kuharibika kinapungua, kisichoweza kinapanda.

#10 Kikombe cha Mia Tano

@Mama wa Chapati asante, hilo la chapati sikulifikiria, na linabadilisha dai langu. @Hesabu za Jioni nakubali hesabu, @Dirisha la Nondo naye kakujibu vizuri.

Ila @Sarafu ya Hamsini, chenji haielezi mkaa. Mkaa wa elfu hauna tatizo la chenji, na bado kopo linazidi kuwa dogo.

#11 Jiko la Udongo

Mkaa nauelewa, ngoja nieleze. Gunia linaposhushwa, juu kuna vipande vikubwa, kitako kina chenga na vumbi. Anayenunua gunia anapata vyote kwa wastani. Muuza makopo lazima atenganishe: vipande vinakwenda kwenye makopo, chenga zinabaki kwake. Safari ndefu ya lori kwenye barabara mbovu inaongeza chenga. Masika mkaa unalowa, unakuwa mzito, unatoa moshi na kupasuka, hivyo ukiuza kwa kopo hupati hasara lakini mteja anaipata jikoni.

Sasa linganisha na gesi. Kilo moja ya gesi kwenye jiko zuri inafanya kazi ya kilo nne hivi za mkaa kwenye jiko la kawaida. Mtungi wa kilo 6 ni sawa na kilo 24 za mkaa. Sado moja la mkaa lina kama kilo moja. Ukiuziwa sado 1,500, hizo 24 ni 36,000. Mtungi ukijazwa kwa 25,000 umeokoa 11,000. Kila mtu mtaani anajua gesi ni nafuu. Tatizo ni kuwa na 25,000 siku moja. Aliye na 1,500 analazimika kununua cha ghali, na kesho tena.

Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ifikapo 2034. Naunga mkono kwa moyo wote. Lakini bila kutatua hili la kununua kidogo kidogo, mtungi utakaa chini ya meza umeisha na mkaa utapikiwa nje. Mitungi yenye mita inayolipiwa kwa simu ndiyo imeelewa tatizo.

#12 Maharage Makavu

@Jiko la Udongo hesabu yako nzuri kwa chai na wali. Weka maharage humo. Maharage ambayo hayajalowekwa ni saa mbili na zaidi za moto. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, anza kuchemsha upya, utapunguza karibu nusu. Wengi hawaloweki, kwa hiyo wanapika maharage kwenye mkaa na vingine kwenye gesi. Nyumba nyingi za mjini zina majiko mawili, ndiyo hali halisi.

Na mkinunua gesi pimeni. Kwenye shingo ya mtungi pameandikwa uzito wa mtungi mtupu. Weka mtungi kwenye mizani, toa uzito huo, kinachobaki ndiyo gesi yako. Muuzaji anatakiwa kuwa na mizani. Asipokuwa nayo nenda kwa mwingine.

#13 Uniti Saba

Nadhani mnakaribia jambo kubwa: mwenye kidogo analipia zaidi kwa kila kipande. Umeme nao uko hivyohivyo. Wateja wadogo wa nyumbani wanalipa 122 kwa uniti, wa kawaida ni 356. Ya chini ni kwa anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Sasa nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na mita moja haiwezi kubaki chini ya 75. Hao sita kila mmoja angekuwa na mita yake wote wangekuwa wa 122. Wanachanga 2,000 jioni wanapata uniti tano na nusu. Na manunuzi ya kwanza ya mwezi yanakatwa kodi ya jengo 1,000, hivyo zinabaki uniti chache zaidi.

#14 Dirisha la Nondo

@Uniti Saba sahihisho dogo. 1,000 kwa mwezi ilikuwa ilipoanza mwaka 2021. Tangu mwaka wa fedha 2023/24 nyumba ya kawaida ni 18,000 kwa mwaka, yaani 1,500 kwa mwezi. Kwa hiyo 2,000 ya kwanza ya mwezi inabakisha 500, ambayo ni uniti 1.4. Anayekuwa wa kwanza kununua ndiye anayeumia, ndiyo maana tarehe mosi nyumba nzima inangojeana gizani.

#15 Uniti Saba

Sahihisho nimelipokea, asante.

#16 Lipa kwa Simu

Turudi kwa @Sarafu ya Hamsini. Kama tatizo ni chenji, simu ingelimaliza. Nusu robo ya sukari ni 375, mteja angetuma 375 kamili. Mbona hatumi? Watu walianza kuikimbia simu tozo za miamala zilipokuja mwaka 2022, na mpaka leo Mangi anakwambia leta keshi.

#17 Sarafu ya Hamsini

Tozo zilianza Julai 15, 2021, mkuu. Zilikuwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, Septemba mwaka uleule zikapunguzwa kwa asilimia 30. Julai 2022 unayoikumbuka ndipo kiwango cha juu kilishushwa mpaka 4,000. Mwaka wa fedha 2023/24 ikaondolewa kwenye kutuma, ikabaki kwenye kutoa.

Na hapo kwenye kutoa ndipo jibu lilipo. Mangi akipokea kwa simu, hela yake iko kwenye simu. Muuza sado Tandale anataka keshi alfajiri. Kuitoa ni gharama. Faida kwenye mafuta ya mia tano ni shilingi 50 hivi, haiwezi kubeba gharama yoyote. Ndiyo maana simu inakubalika kwa mchele wa kilo tano na inakataliwa kwa kikombe.

#18 Marejesho

Nawasoma tangu mwanzo, wote mnazunguka. Sababu ya kipimo kupungua ni mikopo ya kausha damu. Angalia ratiba: mtu anachukua 100,000, anarejesha 5,000 kila siku kwa siku 26. Jumla 130,000. Wanasema riba ni asilimia 30, lakini kwa kuwa kila siku anapunguza deni, kwa wastani amekaa na nusu tu ya ile hela. Riba halisi kwa mwezi inakaribia 60.

Na mara nyingi anakatwa ada ya fomu na rejesho la kwanza papo hapo, hivyo anaondoka na pungufu ya laki. Ile 5,000 inakusanywa jioni, saa ileile ya kununua mboga. Kabla ya mkopo alikuwa na 8,000 ya dukani, sasa ana 3,000. Lazima anunue vya mia tano. Wenye duka nao wamo humohumo, kwa hiyo Mangi hawezi kununua ndoo tano kwa bei ya jumla, ananunua moja moja kwa bei ya juu.

#19 Dagaa wa Mwaloni

@Marejesho huo ni ugonjwa wa mjini. Huku Mwanza dagaa wamepungua kwenye kopo bila mkopo wowote. Dagaa wanaoanikwa kwenye mchanga wanabeba mchanga, wanaoanikwa kwenye chanja ni wasafi na wanakauka sawasawa. Mvua ikinyesha siku mbili za mwezi mzuri, mzigo mzima unageuka chakula cha kuku. Kwa hiyo bei inapanda na kushuka na mwezi, maana dagaa wanavuliwa kwa taa gizani, mbalamwezi ikiwa kali kazi inasimama. Muuza fungu hawezi kubadilisha bei kila wiki mbili, anabadilisha fungu. Ni maji na mwezi tu.

Wa Kigoma walipata pigo tofauti, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Wateja wa mgebuka na dagaa wa kule wakahamia kwetu.

#20 Marejesho

@Dagaa wa Mwaloni anayenunua fungu dogo huko Kirumba jioni ameshalipa rejesho lake saa kumi. Usiseme ni ya mjini wakati nanyi mko mjini.

#21 Dagaa wa Mwaloni

Haya, tuseme mwezi na rejesho vinagawana fungu. Lakini mwezi ulitangulia.

#22 Chumba Kimoja

Kuna jambo hamjaligusa. Kaya zimekuwa ndogo. Vijana wawili chumba kimoja, hawana kabati, hawana friji, panya wamo. Kilo ya sukari kwao ni mzigo wa kulinda sisimizi. Wanakula nje mara mbili, nyumbani wanachemsha chai. Huyo hata akiwa na 50,000 mfukoni atanunua sukari ya mia tano, kwa sababu ndiyo anayoihitaji. Si kila kipimo kidogo ni dalili ya dhiki.

#23 Mama wa Chapati

@Chumba Kimoja una hoja, lakini nenda kwenye unga. Familia ya watu sita inapika ugali kwa kilo moja na robo hivi usiku mmoja. Zamani ulisikia watoto wanatumwa "kilo moja na nusu". Sikiliza sasa: "kilo moja, na mihogo ya mia tano." Muhogo unachemshwa pembeni ili ugali upunguzwe. Hapo hakuna suala la kabati wala sisimizi. Watu ni walewale sita.

#24 Gorogoro

Huku unga ukipanda, sukuma inaongezeka kwenye sahani. Sukuma yenyewe ikipanda inakatwa nyembamba zaidi, shada moja linajaza sufuria. Mama mboga anayekata vizuri ana wateja kuliko mwenye bei nafuu.

#25 Sado la Tandale

Na huku mchicha fungu ni kamba. Kamba ikifungwa juu karibu na majani fungu linaonekana nene, ikifungwa chini mashinani linaonekana lilivyo. Angalieni kamba.

#26 Kikombe cha Mia Tano

Wakuu, mpaka sasa nina chenji, kausha damu, kaya ndogo, upotevu wa kuchota, mwezi wa ziwani, na dai langu la kutwa ambalo bado sijaliacha. Naomba tufanye kitu kimoja. Kila mmoja apime kikombe cha mia tano cha duka lililo karibu naye. Duka la dawa wanauza bomba la sindano la mililita 10 kwa bei ndogo. Nunua mafuta ya mia tano kwenye chombo kikavu, vuta kwa bomba, hesabu mabomba. Tuandike hapa mtaa, aina ya mafuta, na mililita.

#27 Jiwe la Kilo

Wazo zuri. Tahadhari tatu. Vuta polepole, mafuta mazito yanaingiza hewa na utasoma zaidi ya kilichomo. Gonga bomba hewa ipande, isukume nje, ndipo usome. Usipime kwenye mfuko wa nailoni, mililita tatu mpaka tano zinabaki zimeng'ang'ania ndani, peleka kikombe chako cha bati. Na nunua saa tofauti: mchana ndoo ikiwa imejaa, na usiku Mangi akiwa anainamisha ndoo kuchota.

#28 Dirisha la Nondo

Na mkifika dukani mseme mnapima. Mwenye duka akijua, atawaonyesha na bei aliyonunulia ndoo, mtapata hesabu kamili ya pande zote mbili.

#29 Maharage Makavu

Mbagala Rangi Tatu, mawese, jioni hii: mabomba manane na kidogo, kama mililita 83. Kesho nitaweka la mchana.

#30 Hesabu za Jioni

83? Ndoo wamenunua shilingi ngapi?